Wawili Tu Studioni

Kuanzia tarehe 10 hadi 13 Juni 1975, Tony Bennett na Bill Evans walijifungia katika studio za kampuni ya Fantasy mjini Berkeley, California, wakarekodi nyimbo 9. Bennett aliimba, Evans alipiga piano, na hapakuwa na mwanamuziki mwingine: hakuna mpiga dramu, hakuna mpiga besi, hakuna tarumbeta wala safu ya fidla. Helen Keane, meneja wa Evans, ndiye aliyesimamia utayarishaji. Kazi nzima inachukua dakika 35 hivi, na jina lake halina mbwembwe yoyote: The Tony Bennett/Bill Evans Album. Msikilizaji aliyezoea bendi kamili akiisikia kwa mara ya kwanza huona kwamba kuna kitu kimepungua, kana kwamba amepewa mchoro wa nyumba badala ya nyumba yenyewe. Makala haya yanadai kinyume chake. Albamu ya mwimbaji mmoja na piano moja si muziki wa bendi uliopunguzwa watu. Ni sanaa inayojitegemea, yenye masharti yake na ugumu wake, na ndani ya masharti hayo piano huacha kuwa msindikizaji ikawa mzungumzaji wa pili. Albamu hii ya Bennett na Evans ndiyo inayolionyesha jambo hilo kwa uwazi kuliko nyingine ninayoijua.

Waliokutana studioni walikuwa watu waliotoka pande mbili za mbali. Bennett alizaliwa mwaka 1926 katika mtaa wa Queens jijini New York, mtoto wa familia yenye asili ya Kiitaliano, na kufikia 1962 wimbo wake kuhusu jiji la San Francisco ulikuwa umemfanya ajulikane kila mahali. Alikuwa mwimbaji wa majukwaa makubwa na okestra kubwa. Miaka ya mwanzo ya 1970 ilimwendea vibaya: kampuni yake ya siku nyingi, Columbia, ilimshinikiza aimbe nyimbo za vijana wa wakati huo, wakaachana, na kufikia 1975 hakuwa tena chini ya kampuni yoyote kubwa ya santuri. Evans alizaliwa 1929 Plainfield, New Jersey, akasomea piano chuoni, akaubeba uzuri wa watunzi wa Kifaransa kama Debussy na Ravel hadi ndani ya jazi. Mwaka 1959 alipiga piano katika Kind of Blue ya Miles Davis, albamu ambayo mpaka leo ndiyo mlango wa kwanza wa watu wengi kuingia katika jazi. Yeye hakuwa mtu wa okestra wala taa za jukwaa. Picha zake zinazojulikana zaidi zinamwonyesha amejikunja juu ya piano, kichwa kikikaribia kugusa vibonyezo, kama mtu anayesikiliza siri. Mmoja alizoea kuimbia ukumbi mzima, mwingine alipiga kama anayejisemea peke yake. Kwa hesabu za kibiashara, hawakuwa wawili wa kuwekwa pamoja.

Kabla ya kuendelea, neno jazi lenyewe linahitaji kuwekwa sawa, kwa sababu kwetu lina historia yake. Afrika Mashariki na Kongo, jina hilo lilibandikwa bendi za dansi: Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Tabora Jazz, na ng'ambo ya ziwa OK Jazz ya Franco. Zilikuwa bendi za magitaa, tumba na saksafoni, na kazi yake ilikuwa kujaza ukumbi na kuinua watu vitini. Kwa msomaji aliyekulia katika muziki huo, jazi maana yake ni watu wengi wanaopiga kwa pamoja, na jazi ya watu wawili inasikika kama ngoma isiyo na wachezaji. Jazi ya Marekani ina matawi mengi, na moja kati ya hayo limejengwa juu ya mambo mawili: kuchukua wimbo unaojulikana, na kuubunia njia mpya papo kwa papo huku wanamuziki wakisikilizana. Sharti hilo halidai idadi. Linadai masikio. Wanamuziki 15 wanaweza kupiga pamoja bila yeyote kumsikiliza mwenzake, kila mtu akifuata karatasi iliyo mbele yake. Wawili hawawezi. Mmoja akiacha kusikiliza, wimbo unaanguka hapo hapo, na kila aliye karibu anausikia ukianguka.

Sababu ya kwanza ya uzito wa sanaa hii imo ndani ya piano yenyewe. Piano ni chombo cha nyundo. Kila kibonyezo kati ya vile 88 kikiguswa, kijinyundo kilichovikwa sufi nzito hurushwa, kikagonga nyuzi na kurudi nyuma papo hapo. Tangu nyundo inapoachana na nyuzi, sauti huanza kufifia. Mpigaji anaweza kukanyaga pedali ili sauti ikae zaidi hewani, lakini hawezi kuifanya ikue, hawezi kuivuta, hawezi kuipindisha ikishatoka. Koo la mtu liko kinyume kabisa. Mwimbaji anaweza kuanza neno kwa mnong'ono, akalikuza hadi likajaa chumba, akaliteremsha tena, yote kwa pumzi moja. Anaweza pia kuteleza kati ya sauti mbili ambazo piano huzitenga kama ngazi zinavyotengwa. Basi mwimbaji anaposhikilia neno la mwisho wa mstari, piano inafifia chini yake huku sauti yake ikiendelea. Hapo hufunguka nafasi. Katika okestra, fidla huiziba mara moja kwa sababu uta unaweza kuvuta sauti muda wote mwimbaji anapoimba. Katika albamu ya piano, nafasi hiyo hubaki wazi, na mpiga piano lazima aamue atafanya nini nayo: agonge tena, aongeze kijisauti kimoja cha juu, au aiache. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na katika muziki wa namna hii msemo huo unasikika kwa masikio. Kimya ni sehemu ya wimbo, na kuna mtu anayewajibika nacho.

Sababu ya pili ni mapigo. Katika bendi ya kawaida ya jazi, besi na dramu hushika mwendo kama nguzo zinavyoshika paa. Mwimbaji anaweza kuchelewa, akawahi, akajitupa huku na huku, akijua mwendo upo na atarudi kuukuta. Ukiondoa nguzo hizo, mwendo hauna mwenyewe tena, na wawili hawa wanapaswa kuushika kwa zamu bila kuambiana. Mkono wa kushoto wa Evans unabeba kazi ya besi, vidole vya kati vinajaza koadi, yaani sauti kadhaa zinazobonyezwa kwa mpigo mmoja, na mkono wa kulia unamjibu mwimbaji. Bennett naye amepewa uhuru ambao okestra haikuwahi kumpa. Okestra ya watu 40 haiwezi kumsubiri mwimbaji anayesita, kwa sababu watu 40 hawawezi kusita pamoja. Mpiga piano mmoja anaweza. Ndiyo maana katika albamu hii kuchelewa kwa Bennett kunasikika kama kusita kwa mtu anayetafuta namna ya kusema jambo gumu. Hakuna anayemkimbiza. Evans anamngoja, na kumngoja huko ni sehemu ya upigaji wake.

Chukua Some Other Time, wimbo wa tatu, uutazame kwa karibu. Uliandikwa na Leonard Bernstein, mashairi yakiwa ya Betty Comden na Adolph Green, kwa ajili ya On the Town, mchezo wa kuimba uliofunguliwa Broadway mwezi Desemba 1944, vita vikiwa bado vinaendelea. Mchezo unawahusu mabaharia watatu waliopewa saa 24 za mapumziko jijini New York, na wimbo huu huja saa hizo zinapokwisha. Maneno yake yanalalamika, kwa upole kabisa, kwamba muda umekwisha kabla ya mambo muhimu kusemwa. Evans anaufungua kwa koadi mbili tu, moja ikimfuata mwenzake, kisha zinarudi, kisha tena, kama ngalawa iliyotia nanga inayoinuliwa na kushushwa na maji yale yale. Koadi hizo zina historia. Desemba 1958 Evans alikuwa akiziandaa ziwe utangulizi wa wimbo huo huo wa Bernstein, akavutwa nazo mpaka zikazaa utunzi mpya wa piano peke yake, Peace Piece. Miezi michache baadaye mwendo huo ulisikika tena katika Flamenco Sketches, wimbo unaofunga Kind of Blue. Kwa miaka 17 Evans alikuwa amekaa na koadi mbili.

Sasa tazama kinachotokea Bennett anapoanza kuimba juu yake. Maneno yanasema saa zinakimbia, na piano haiendi popote. Mwimbaji anaaga, na chini yake koadi mbili zinakataa kuondoka. Maana ya wimbo imegawanywa: mwimbaji anausema ukweli wa saa ya ukutani, na mpiga piano anausema ukweli wa moyo unaotaka kubaki pale pale. Hakuna mmoja anayemrudia mwenzake, na hakuna anayempinga. Ukiondoa piano, yanabaki malalamiko ya mtu anayechelewa meli. Ukiondoa sauti, unabaki utulivu usio na kisa. Hii ndiyo hoja yangu kwa umbo lake lililo wazi kabisa. Msindikizaji huimarisha kile ambacho mwimbaji amekwisha kukisema. Mzungumzaji wa pili huongeza ambacho hakijasemwa, na Evans hapa anafanya hilo kwa koadi mbili zinazorudiwa. Okestra ya fidla ingeuimba wimbo huu kwa huzuni, na huzuni ingetosha, lakini tungepewa hisia moja mahali ambapo hawa wawili wanatupa mbili kwa wakati mmoja.

Uchaguzi wa nyimbo nao unathibitisha kwamba hapa hakuna bwana na mtumishi. Tarehe 25 Juni 1961, Evans alipiga katika klabu ya Village Vanguard jijini New York akiwa na Scott LaFaro kwenye besi na Paul Motian kwenye dramu. Siku 11 baadaye LaFaro alikufa katika ajali ya gari, akiwa na umri wa miaka 25. Rekodi za siku ile zikatolewa, na albamu moja iliyotokana nazo, Waltz for Debby, ina nyimbo 6. Nyimbo 3 kati ya hizo 6, yaani My Foolish Heart, Waltz for Debby na Some Other Time, zinarudi katika albamu ya 1975. Maana yake ni kwamba Bennett hakualika piano iingie katika nyimbo zake. Yeye ndiye aliyeingia katika nyumba ya Evans, katika nyimbo ambazo mpiga piano alikuwa ameishi nazo miaka mingi bila maneno. Waltz for Debby ni utunzi wa Evans mwenyewe, aliompa mtoto wa kaka yake, na alikwisha kuurekodi mwaka 1956. Gene Lees aliuandikia mashairi baadaye, yanayomtazama mtoto anayecheza na wanasesere wake na kufikiria siku atakapokua na kuwaacha. Mtunzi wa mahadhi anakaa kwenye piano na kusikia mwanaume wa miaka 48 akiyaimba maneno hayo kwa sauti iliyokwisha kuonja miaka. Evans anausindikiza wimbo wake mwenyewe, na bado anauacha uwe wa mwingine.

Namna walivyofanya kazi ililinda usawa huo. Hawakuja na mipangilio iliyoandikwa. Walichagua wimbo, wakatafuta ufunguo unaofaa koo la Bennett, wakaujaribu, wakarekodi. Mwaka 2009 rekodi zao zote zilikusanywa na kutolewa pamoja na majaribio ambayo hayakuingia katika santuri za awali, na anayeyasikiliza anagundua kwamba wimbo ule ule ulibadilika kutoka jaribio moja hadi jingine, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kurudia, ila kitu cha kutafuta. Evans aliwahi kuieleza falsafa hii mapema. Katika maelezo aliyoyaandikia Kind of Blue mwaka 1959, alitaja uchoraji wa Kijapani ambamo msanii hupitisha brashi ya wino juu ya karatasi nyembamba sana kiasi kwamba mkono ukisita au ukikosea, mstari unaharibika au karatasi inapasuka, na hakuna kufuta. Bendi kubwa inaweza kufunika kosa, kwa sababu tarumbeta likiteleza saksafoni zitalificha. Sauti moja na piano moja hazina pa kujificha. Wimbo uliofaulu hapa umefaulu mbele ya macho ya wote.

Mtu anaweza kusema kwamba nimechagua mfano unaonifaa. Tuchukue basi mfano mwingine ambapo mwimbaji ni yule yule na nyimbo ni zile zile. Mwaka 1950 Ella Fitzgerald alirekodi kwa kampuni ya Decca nyimbo 8 za George Gershwin, akisindikizwa na Ellis Larkins kwenye piano, wawili tu. Mwaka 1959 alizirudia nyimbo za Gershwin kwa kampuni ya Verve, safari hii akiwa na okestra iliyoongozwa na Nelson Riddle, katika mkusanyiko mkubwa wa santuri 5. Someone to Watch Over Me na But Not for Me zimo katika kazi zote mbili. Uadilifu unanitaka niseme wazi kwamba But Not for Me ya okestra ndiyo iliyompa tuzo ya Grammy, na ilistahili. Riddle alikuwa fundi wa kuchagua rangi za ala, na Ella anaelea juu yake bila jasho. Lakini ziweke rekodi hizo mbili bega kwa bega. Kwenye okestra, hisia imekwisha kutayarishwa kabla Ella hajafungua kinywa: fidla zimetangaza kwamba hapa pana huzuni, naye anaingia katika chumba kilichopambwa. Kwa Larkins, chumba ni kitupu. Anacheza sauti chache, laini, mara nyingi akingoja Ella amalize wazo lake ndipo aseme la kwake. Wakati ule Ella alijulikana zaidi kwa wepesi na mchezo wa sauti kuliko kwa kina. Piano ile ilimwachia nafasi, na kina kikajitokeza bila kuitwa. Sisemi rekodi ya 1950 ni bora kuliko ya 1959. Nasema inafanya kazi tofauti ambayo okestra, kwa uzuri wake wote, haiwezi kuifanya, na hilo latosha kukanusha dai la kwamba ni toleo lililopunguzwa.

Pingamizi zito zaidi ni la mapigo. Jazi, atasema mpinzani, ni muziki wa mwili: ina mbembeo unaoutikisa mguu hata kama mwenye mguu hataki. Ukiondoa dramu na besi umeing'oa roho, na kinachobaki ni muziki wa sebuleni kwa watu waliochoka. Kuna ukweli ndani yake, na sitaukwepa. Nyingi kati ya nyimbo 9 za albamu hii ni za mwendo wa polepole, na anayetafuta muziki wa kuchezea hatoki ameridhika. Lakini mbembeo hautoki kwenye dramu. Dramu huutangaza tu. Unatoka kwenye mahali hasa ambapo sauti inawekwa, mbele kidogo au nyuma kidogo ya pale sikio lilipoitarajia. When in Rome, wimbo wa Cy Coleman na Carolyn Leigh ulio mwepesi na mcheshi, unalithibitisha hilo katika albamu hii hii. Hakuna anayegonga chochote isipokuwa nyundo za piano, na bado wimbo unaruka, kwa sababu Bennett anayarusha maneno na Evans anayadaka. Mapigo yapo, ila hayasemwi kwa sauti kubwa. Msikilizaji anayajaza mwenyewe, na kwa kuyajaza anaingia katika wimbo kwa namna ambayo hakuhitaji kuingia alipokuwa akihesabiwa na dramu.

Pingamizi la pili linamlenga Bennett. Wapo wanaosema hakuwa mwimbaji wa jazi, bali mwimbaji wa nyimbo za watu wengi aliyepata bahati ya kusimama kando ya mwanamuziki mkubwa. Hakubuni mahadhi mapya kama Ella, hakuchezea silabi zisizo na maana kama Louis Armstrong. Sawa. Lakini Bennett alieleza mara nyingi kwamba alipokuwa akijifunza uimbaji baada ya vita, mwalimu wake alimshauri asiige waimbaji bali aige wapiga ala, naye akaenda kumsikiliza Art Tatum, mpiga piano. Yaani namna yake ya kugawa maneno ilitoka kwenye piano tangu ujanani. Tena hii haikuwa mara yake ya kwanza kuvua nguo za okestra, kwani mwaka 1961 ilitoka albamu yake Tony Sings for Two, akiwa na Ralph Sharon peke yake kwenye piano. Kwa upande wake, Evans naye alikwisha kujifunza kuishi bila dramu: mwaka 1962 alirekodi Undercurrent, piano na gitaa la Jim Hall, wawili tu. Kilicho kweli ni kwamba Bennett hashindani na Evans katika kubuni. Anaubeba wimbo ukiwa mzima, wazi, maneno yote yakisikika, na uaminifu wake huo ndio unaompa Evans uhuru wa kwenda mbali. Katika mazungumzo mazuri si lazima wote wawili wawe wasemaji wa mafumbo. Mmoja akisema jambo kwa uwazi, mwenzake anaweza kulizungusha, na msikilizaji hapotei.

La tatu ni pingamizi ambalo msomaji wa Kiswahili ana haki zaidi ya kulitoa. Nyimbo hizi zimejengwa juu ya maneno, na maneno ni ya Kiingereza cha mapenzi cha miaka ya 1930 hadi 1960. Asiyeyafuata atapata nini? Jibu langu ni kwamba muziki wa wawili ndio unaomsaidia msikilizaji wa namna hiyo kuliko muziki wa wengi. Mtu anayekaa karibu na wawili wanaoongea lugha asiyoijua hujua mengi: nani anaomba, nani anafariji, lini mmoja amemkata mwenzake, lini kimya kimekuwa kizito. Hayajui maneno, lakini anayajua mazungumzo. Wenyeji wa taarabu wanalifahamu hili. Wengi wamewahi kutikisa kichwa kwa wimbo wa Umm Kulthum bila kujua Kiarabu, kwa sababu waliisikia sauti ikiuliza na ala zikijibu. Albamu ya sauti na piano inauweka wazi uhusiano huo kuliko aina nyingine, kwa kuwa kuna mtu mmoja tu anayeuliza na mmoja tu anayejibu. Wala hauhitaji elimu ya noti. Unahitaji kuzima mambo mengine kwa dakika 35, na labda hilo ndilo gumu zaidi siku hizi.

Historia iliyofuata inaonyesha kwamba njia hii haikuwa kichochoro kisichotokea upande wa pili. Mwaka 1976 wawili hao walirudi studioni wakafanya Together Again, iliyotolewa na Improv, kampuni ndogo ya Bennett mwenyewe, ambayo haikudumu. Evans alifariki tarehe 15 Septemba 1980 akiwa na miaka 51. Bennett alisimulia mara nyingi kwamba muda mfupi kabla ya kifo hicho Evans alimpigia simu na kumsihi ashike ukweli na uzuri, mengine ayaache. Mwaka 2015, akiwa na umri wa miaka 89, Bennett alitoa The Silver Lining pamoja na mpiga piano Bill Charlap, na ikampa Grammy. Miaka mitatu baadaye Cécile McLorin Salvant, binti wa baba Mhaiti na mama Mfaransa, alitoa The Window pamoja na Sullivan Fortner, mpiga piano kutoka New Orleans. Karibu albamu nzima ni sauti na kinanda tu, na sehemu yake ilirekodiwa mbele ya watu katika Village Vanguard, klabu ile ile ya Evans na LaFaro. Mwaka 2019 ilishinda Grammy ya albamu bora ya uimbaji wa jazi. Salvant hakuwa na uhaba wa wanamuziki wa kumsindikiza. Alichagua mmoja kwa sababu mmoja alimpa kitu ambacho wengi wasingempa.

Basi itafute albamu ya Bennett na Evans, na uisikilize mara tatu. Mara ya kwanza mfuate Bennett, umwache Evans nyuma. Mara ya pili mfuate Evans, hasa mkono wake wa kushoto, na umwache Bennett apite juu. Mara ya tatu usimfuate yeyote: sikiliza pale sauti inapokoma na piano haijaanza, au piano inapofifia na sauti bado inaning'inia. Anza na Some Other Time. Ukifika mwisho na bado unaona kuna ala iliyokosekana, hoja yangu imeshindwa kwako, na sitakulazimisha. Lakini kama wimbo umekwisha nawe hukukumbuka kuitafuta dramu, utakuwa umekwisha kulijibu swali la makala haya kwa masikio yako mwenyewe.